Binti yangu aliniuliza tofauti ya kaptura yake na bukta yangu

Shikamoo Bibi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 53, mzaliwa wa Ngamiani hapa Tanga, mume wa mke mmoja na baba wa watoto watatu, wawili wa kike na mmoja wa kiume. Nimekuwa msomaji wa safu yako kwa muda mrefu, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitaketi kukuandikia habari za mapaja yangu mwenyewe, lakini jambo hili limenikaa moyoni kwa siku tisa sasa na sina mtu wa kumwuliza ambaye hatanicheka.

Miaka miwili iliyopita daktari aliniambia kwamba shinikizo langu la damu liko juu, akanishauri nifanye mazoezi. Tangu hapo, kila siku baada ya sala ya Alfajiri, napanda baiskeli hadi Raskazone, nakimbia kidogo na kutembea sana kando ya bahari, kisha narudi nyumbani jua likianza kukolea. Kwa ajili hiyo nilinunua bukta tatu za mtumba, za mtindo uleule waliokuwa wakivaa wachezaji wa mpira tulipokuwa wadogo, ambazo haziteremki kupita nusu ya paja. Mwanzoni nilikuwa nikifika nyumbani navua, naoga, nafunga msuli wangu. Baadaye, hasa katika joto la kaskazi, nikaanza kubaki nazo. Nikizoea barazani, nikazoea dukani. Nikizoea dukani, nikazoea kwenda nazo hata Deep Sea kununua samaki. Mke wangu alinitania mara moja kwamba nimerudi darasa la pili, nikacheka, naye hakulirudia neno hilo.

Binti yangu wa pili ana miaka 20 na anasoma chuo Dar es Salaam. Amekuja likizo. Siku hiyo, baada ya Alasiri, nilikuwa barazani na wenzangu watatu tunacheza dhumna, naye akatoka ndani akiwa amevaa kaptura ya jinzi iliyoishia juu ya magoti, ametumwa na mama yake nazi mbili kwenye duka lililo nyumba ya nne kutoka kwetu. Nilimwita nikamkaripia hapohapo mbele ya watu, kwa sauti ambayo nadhani hata mwenye duka aliisikia. Nilimwambia kwamba anatuvunjia heshima, kwamba Tanga si Dar es Salaam, na kwamba nyumba hii haijawahi kutoa msichana wa kutembea uchi.

Aliniacha nikamaliza. Kisha akasema, kwa upole kabisa: “Shikamoo Baba. Naomba unieleze tofauti ya kaptura yangu na bukta yako, nami nitakwenda kubadilisha.” Wenzangu wakaangua kicheko, na mmoja akasema, “Mgosi, leo umepatikana.” Mimi jibu nililopata ni moja tu: kwamba mimi ni mwanamume. Akaingia ndani, akavaa dera, akaenda dukani, akarudi na nazi. Tangu siku hiyo ananisalimia kwa heshima zote lakini hakai ninapokaa, na chakula anakula na mama yake jikoni. Jioni ileile mke wangu aliipima kaptura ile kwa vidole, akaipima na bukta yangu iliyokuwa kambani, akaniambia kwamba ya mtoto ni ndefu kwa vidole vinne.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Wiki moja kabla ya hayo, nilikwenda kwenye ofisi fulani kufuatilia karatasi za kiwanja nikiwa nimetoka moja kwa moja mazoezini, na mlinzi wa getini, kijana ambaye ningeweza kumzaa, akanirudisha. Alisema, “Mzee, kwa vazi hili siwezi kukuruhusu.” Nilirudi nyumbani nikasema ofisi ilikuwa imefungwa.

Sasa dada yangu ananiambia nisilegeze kamba, na kwamba mtoto wa kike akiachiwa leo, kesho hatashikika. Mmoja wa wenzangu wa dhumna anasema dunia imebadilika na nimwache mtoto avae atakavyo. Nakuomba Bibi uniambie: je, kaptura fupi ni kosa kwa mwanamke peke yake? Je, nilikosea kumkataza? Na nifanye nini ili mambo yatengemae nyumbani bila mimi kuonekana nimeshindwa na mtoto niliyemzaa?

Baba wa Watatu,
Ngamiani, Tanga

BIBI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilisimama palepale, pale mtoto aliyekwisha kukaripiwa mbele ya wanaume watatu alipoanza swali lake kwa shikamoo. Nitarudi hapo. Lakini umeniuliza maswali matatu, nami naona nianze na lile ambalo hukuliuliza, yaani kama inafaa mwanamume wa miaka 53, baba wa watoto watatu, kushinda barazani na bukta inayoishia katikati ya paja. Haifai. Nalisema kwanza ili usije ukadhani, nitakapofika kwa mtoto, kwamba nimekuja kumtetea yeye dhidi yako. Nataka nyote wawili muingie katika shauri hili mkiwa mmesimama mahali pamoja.

Jibu ulilompa, kwamba wewe ni mwanamume, halikuwa jibu, na nafikiri ulilijua hivyo lilipokuwa bado mdomoni. Wewe umelelewa Ngamiani na bila shaka ulipelekwa chuo cha Kurani kama watoto wenzako. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea katika mwambao wetu, mtoto wa kiume hufundishwa mapema kwamba uchi wake ni sehemu iliyo kati ya kitovu na magoti, na paja, mwanangu, limo humo lote. Hata katika Sura ya An-Nur, aya ya 30 inawaamuru wanaume waumini wainamishe macho yao na kuzihifadhi tupu zao kabla ya aya ya 31 kuwageukia wanawake na kueleza ya kwao kwa urefu zaidi. Sisemi kwamba mpaka wa mwanamke na wa mwanamume katika dini ni mmoja, maana si mmoja, na anayetaka ufafanuzi wa hilo ana shehe wake wa kumwuliza. Ninachosema ni kwamba mpaka wako upo, unaujua, na unauvuka kila siku kuanzia saa mbili asubuhi hadi wakati wa dhumna.

Tukiiacha dini tukaishika mila, mambo hayawi mepesi kwako. Wazee waliotulea walikaa nyumbani na msuli au kikoi kilichokaribia vifundo vya miguu, na vazi hilo lina adabu yake ya kukaa ambayo mtoto wa kiume alifundishwa bila kuambiwa, kwa kuangalia tu jinsi babu anavyoikusanya nguo katikati ya miguu kabla ya kujiweka kwenye mkeka. Kaptura wao waliijua kuwa ni nguo ya mwanafunzi wa shule ya msingi, ya askari wa KAR, jeshi la mkoloni, na ya mabwana wa serikali ya Mwingereza, na hao mabwana wenyewe waliivaa pana na kuiunganisha na soksi ndefu zilizopandishwa hadi chini ya goti, hivi kwamba kilichopata hewa ni goti lenyewe na si zaidi. Mkeo aliposema umerudi darasa la pili hakuwa akitania tu. Alikuwa akikueleza jinsi macho ya mji huu yanavyoisoma nguo hiyo ikivaliwa na mtu mzima, nawe ukacheka.

Hata hivyo sitaki nikuache ukidhani kwamba mji wetu unaogopa mapaja. Ungekuwa unaogopa, uwanja wa mpira wa Mkwakwani ungefungwa zamani. Timu yetu ya Coastal Union ilipotwaa ubingwa wa ligi mwaka 1988, wachezaji walikuwa wakivaa bukta za aina hiyohiyo unayoipenda, fupi na za kukaza, na wazee wenye kanzu na kofia za viua waliwashangilia kutoka jukwaani bila hata mmoja kusema kwamba Wagosi wa Kaya, kama tunavyowaita, wanatembea uchi. Nenda Deep Sea asubuhi ukawatazame mabaharia wanaoteremsha samaki: wamekunja, wamefunga, wengine wana kipande cha nguo ambacho fundi cherehani hawezi kukipa jina. Watazame pia wanawake wa pwani wanapokwenda kutanda uduvi au kushughulikia mwani, kanga zikiwa zimepandishwa na kuchomekwa kiunoni kwa sababu maji hayamsubiri mtu ashushe nguo. Hakuna anayegeuza shingo. Paja limeonekana kwa sababu kazi imelifunua, na kazi ikiisha nguo inashuka. Mama akimaliza uduvi wake hapiti sokoni Mgandini na kanga iliyochomekwa kiunoni. Huishusha akiwa bado mchangani, mkono mmoja ukiwa umeshika beseni.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la kwanza. Kaptura fupi si kosa la mwanamke peke yake, na kwa hakika si kosa la nguo. Ni suala la mahali, na mahali penyewe panambana mwanamume kama panavyombana mwanamke. Bukta yako ya Raskazone ni nguo halali kabisa Raskazone, saa kumi na mbili asubuhi, mtu akiwa anakimbia. Ilianza kuwa na ila uliporudi nayo mtaani, na ilizidi ulipoketi nayo. Nasema ulipoketi kwa makusudi, kwa sababu watu hupima kaptura wakiwa wamesimama mbele ya kioo, na hilo ni kosa la hesabu. Kaptura hupimwa mtu akiwa amekaa. Nguo iliyoishia katikati ya paja ukiwa umesimama hupanda sana ukijiweka kwenye baraza la saruji lililo chini, miguu ikiwa mbele na watoto wa jirani wakipita kwa urefu wao ule wa macho. Na juu ya tandiko la baiskeli, katika mji kama huu ambao kila mtu ana baiskeli, hupanda zaidi. Kama una shaka, muulize mkeo ameketi upande gani wa baraza katika miaka hii miwili.

Na kama bado huridhiki, jipime kwa mtu mmoja tu. Umesema una mabinti wawili na kwamba huyu ni wa pili. Wa kwanza nadhani ameshaolewa, au ataolewa. Siku mkweo atakapokuja na mama yake mzazi kukusalimu bila kutoa taarifa, je, utawapokea na bukta ile? Najua hutawapokea. Utaruka ndani kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto, utoke na msuli. Basi mkono wako wenyewe umeshajua jibu.

Mlinzi aliyekurudisha getini hakukuonea. Waraka wa Watumishi wa Umma Na. 3 wa mwaka 2007 uliwataka watumishi, wanawake kwa wanaume, wavae kwa heshima kazini, na ofisi nyingi zimekuwa zikimpima mgeni kwa kipimo hicho hicho. Mbao zenye picha za mavazi yasiyotakiwa utaziona katika malango ya ofisi na vyuo, na kwenye picha hizo kaptura ya mwanamume haikosi kupigwa msalaba. Ulichokifanya kibaya siku ile ni kusema kwamba ofisi ilikuwa imefungwa. Ungelikiri nyumbani, huenda binti yako angepata jibu la swali lake kabla hajaliuliza.

Sasa nije kwa mtoto. Uliuliza kama ulikosea kumkataza. Kumkataza si kosa. Baba ana haki ya kusema neno juu ya kinachotoka mlangoni kwake, na msichana anayekwenda dukani Ngamiani saa kumi jioni kwa kaptura ya jinzi amesahau, au amejisahaulisha, kwamba mtaa una macho. Mimi ni mtu wa zamani, nisingependa mjukuu wangu apite hivyo, na ningemwambia. Lakini ningemwambia ndani ya nyumba, na ningekuwa nimevaa.

Kosa lako ni mahali ulipomsemea na maneno uliyoyachagua. Ulimwambia mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima, mbele ya wanaume wasio ndugu zake, kwamba anatembea uchi. Neno hilo halikumsitiri, lilimfunua zaidi ya ile kaptura, maana wanaume ambao huenda walikuwa wameinamia dhumna zao uliwanyanyua macho wewe mwenyewe. Nguo iliyoizidi yako urefu kwa vidole vinne ilikuwa inapita kwenda kununua nazi. Wewe ndiye uliyeisimamisha katikati ya baraza ikatazamwe.

Dada yako anaogopa kwamba mtoto hatashikika. Namwelewa, ila namkumbusha, kwa kuwa huenda tuna umri usiotofautiana sana, jinsi jambo hili lilivyokwenda tulipokuwa wasichana. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga vita sketi fupi, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana, na kampeni yenyewe, iliyoitwa Operesheni Vijana, ikapangwa kuanza Dar es Salaam tarehe 1 Januari 1969. Nilikuwa mwanafunzi, tukizisikia habari zake redioni na kuzijadili bwenini hadi taa zizimwe. Kwenye karatasi lile azimio lilimhusu mwanamume na suruali yake kama lilivyomhusu mwanamke na sketi yake. Barabarani, aliyezomewa, akasimamishwa na kushushwa kwenye basi alikuwa msichana. Miaka michache baadaye vijana wa kiume wakaingia katika suruali za bugaluu na mashati yaliyofungwa kifungo kimoja tu karibu na kitovu, na sikumbuki mvulana yeyote aliyeshushwa kwenye basi kwa ajili ya kifua chake.

Na hili halijaisha. Novemba 2014 kule Nairobi kundi la wanaume lilimvua nguo mwanamke kwenye kituo cha mabasi kwa madai kwamba sketi yake ni fupi, na wanawake wakaandamana tarehe 17 ya mwezi huo kulaani. Hapa kwetu, Juni 2021, mbunge mwanamke alitakiwa kutoka katika ukumbi wa Bunge Dodoma kwa sababu ya suruali iliyosemekana kumbana, baada ya mbunge mwenzake wa kiume kusimama na kulalamika. Wala usidhani kwamba wenzetu wa Ulaya wamelimaliza suala hili: mwaka huohuo wa 2021, mwezi wa Julai, wanawake wa Norwei wanaocheza mpira wa mikono wa ufukweni walitozwa faini ya euro 1,500 katika mashindano ya Ulaya kule Bulgaria kwa kukataa kuvaa chupi za bikini na kuvaa kaptura badala yake. Kaptura inayoitwa fupi Ngamiani, kule iliitwa ndefu kupita kiasi. Mwanamke akifunua anasemwa, akijifunika anatozwa.

Ninakueleza haya kwa sababu ndani yake mna jibu la kweli ambalo ungempa binti yako badala ya lile la uanaume. Tofauti ya kaptura yake na bukta yako haiko kwenye nguo. Iko kwa watu mnaokutana nao. Wewe ukipita na bukta, baya kubwa litakalokupata ni kurudishwa getini na kijana mwenye adabu anayekuita mzee. Yeye akipita na kaptura, atapigiwa miluzi na vijana wa bodaboda, ataitwa kwa majina, na siku mbaya atashikwa. Hofu hiyo ni ya haki, na baba anayeihisi si mshamba. Lakini basi iseme kama hofu. Mwambie kwamba unaogopa, na mwambie pia, kwa sauti isiyo na shaka, kwamba mwanamume atakayemshika atakuwa amekosa yeye na si kaptura, hata kama kaptura hiyo ina urefu wa kidole kimoja. Baba wengi wa pwani husahau kulisema hilo la pili, na mtoto akishikwa hanyanyui mdomo nyumbani kwa sababu anajua ataulizwa alikuwa amevaa nini.

Kuhusu rafiki yako wa dhumna anayesema umwache avae atakavyo, sina mengi. Nadhani hana binti.

Sasa la tatu, la kutengeneza mambo bila kuonekana umeshindwa. Naomba uliondoe neno hilo la kushindwa, kwa kuwa mtoto hakushindana nawe. Aliahidi kwamba ukimweleza atabadilisha, wewe hukumweleza, naye akabadilisha vilevile. Katika mambo yote ya jioni ile, aliyeonyesha heshima uliyokuwa ukiipigia kelele ni yeye.

Mwendee mwenyewe, usimtume mama yake. Mwendee jioni ukiwa umefunga msuli, mkute hukohuko jikoni anakokula, ukae kwenye kibao, umwambie kwamba ulimfokea mbele ya watu na hukupaswa. Usianze na kaptura. Ukishamaliza hilo, mweleze habari ya mlinzi wa getini kama ilivyotokea, pamoja na uongo wa ofisi iliyofungwa. Najua hapo ndipo patakapokuwa pagumu, lakini naona ndicho kitu pekee ulicho nacho chenye uzito, kwa sababu kitamwonyesha kwamba nawe umepimwa kwa nguo yako na ukaona uchungu wake. Mkeo akicheka, mwache acheke. Ana deni lake la miaka miwili.

Baada ya hapo muwekeane sharti la mlango mmoja kwa watu wote wa nyumba, yule kijana wako wa kiume akiwamo, ambaye katika barua nzima hukumtaja mavazi yake hata mara moja. Ndani ya nyumba na uani, kila mtu avae linalompa nafuu na joto hili, ilimradi hakuna mgeni. Kuvuka kizingiti, nguo ifike magotini mtu akiwa amekaa, au lifungwe vazi juu yake: kwake kanga, kwako msuli au kikoi. Kwa mazoezi, zipo kaptura za mpira wa kikapu zinazofika magotini na ambazo hazigandi mwilini zikilowa jasho. Mtumbani zimejaa, na bei yake haitakushinda. Zile bukta tatu huna haja ya kuzitupa. Kimbia nazo hukohuko Raskazone.

Akirudi Dar es Salaam atavaa kwa akili yake, na hilo huwezi kulizuia ukiwa Ngamiani. Ana miaka 20. Mwachie maelezo aliyoyaomba, kisha mwamini.

Wenzako wa dhumna nao wana fungu lao. Walisikia ukimkaripia, basi wasikie na lingine. Huna haja ya kuhutubia. Siku utakayotoka na msuli wako, mmoja wao atakuuliza bukta imekwenda wapi, nawe umjibu kwamba mtoto aliuliza swali na hukuwa na jibu. Dada yako ukimwona mwambie hivyohivyo, na umwongezee kwamba kamba haikulegezwa, imefungwa pande zote mbili.

Na kwa kuwa likizo haijaisha, mwulize binti yako kama angependa kwenda nawe Raskazone baada ya Alfajiri. Ile kaptura ya jinzi sioni ubaya akikimbia nayo huko, saa hiyo, baba yake akiwa hatua kumi nyuma anahema. Wekeni kanga yake na kikoi chako kwenye kikapu cha baiskeli, mjifunge kabla hamjaanza safari ya kurudi.